Mabingwa wawili wa 1962: orodha ya vyuo vidogo vya Marekani na mstari wa rangi

Mwishoni mwa mwaka 1962 Marekani ilikuwa na ekipe mbili za vyuo vidogo zilizoitwa, kila moja kwa upande wake, ya kwanza katika nchi nzima. Moja ilikuwa Florida A&M, chuo cha Weusi mjini Tallahassee. Nyingine ilikuwa Southern Mississippi, chuo cha Wazungu peke yao mjini Hattiesburg. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni safari ya gari isiyomaliza siku. Mechi kati yao haikuchezwa mwaka ule, na kwa hali ya siku zile isingeweza kuchezwa.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani. Familia nyingi za Kivu zilizopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania zimeanza kuuzoea, kwa sababu watoto wao wanaukuta shuleni. Mpira wake una umbo la yai na hushikwa kwa mikono, wachezaji ni 11 kwa 11, wamevaa kofia ngumu, na kila upande unasukuma kwenda mbele hatua kwa hatua hadi mwisho wa uwanja. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliucheza katika chuo kikuu cha Michigan, kisha mwaka 1996 akachukuliwa na ekipe ya kulipwa ya Carolina Panthers. Lakini Michigan ni chuo kikubwa, chenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000. Vyuo vinavyohusika hapa ni vile vingine, vya miji midogo, ambavyo watazamaji wake ni wazazi, wenye maduka na wakulima wa karibu.

Mwenye kuzoea Linafoot anaweza kuuliza: kwa nini kuwe na kura? Si ekipe zinacheza, pointi zinahesabiwa, na mwenye nyingi anachukua kombe? Marekani haikuwa rahisi hivyo. Vyuo vyenye ekipe vilikuwa mamia, na kila kimoja kilicheza mechi kama kumi tu kwa msimu, nyingi zikiwa na majirani. Ekipe ya Ohio na ekipe ya California zingeweza zote kumaliza mwaka bila kushindwa na bila hata kusikiana. Basi swali la nani bora likapelekwa kwa watu wapige kura. Shirika la habari Associated Press lilianza orodha yake ya kila wiki mwaka 1936, na orodha hiyo ilikuwa ya wakubwa. Wadogo walibaki bila orodha ya namna hiyo kwa miaka zaidi ya 20.

Jinsi walivyosahauliwa inaonekana katika mzaha wa mwaka 1941. Mfanyabiashara mmoja wa hisa mjini New York, Morris Newburger, alipiga simu kwenye magazeti makubwa na kutoa matokeo ya chuo alichokitunga mwenyewe kichwani: Plainfield Teachers College, cha New Jersey. Magazeti yakayachapa. Wiki iliyofuata akapiga tena, nayo yakachapa tena. Plainfield ikaendelea kushinda, ikapata hata nyota wake, kijana aitwaye Johnny Chung, ambaye eti nguvu zake zilitoka katika wali aliokula wakati wa mapumziko. Ilichukua wiki kadhaa kabla waandishi hawajagundua kwamba chuo hicho hakipo. Newburger alipoona amefichuliwa alitoa tangazo la mwisho: mechi zilizobaki zimefutwa, kwa kuwa wachezaji wameanguka mitihani. Watu walicheka sana. Lakini mtu wa chuo kidogo cha kweli alikuwa na haki ya kutocheka, maana habari za ekipe yake zilipokelewa kwa namna ile ile, kwa simu, bila mtu kutoka ofisini kwenda kutazama.

Vyuo vya Weusi vilikuwa vidogo mara mbili. Vilikuwa vinacheza futiboli tangu tarehe 27 Desemba 1892, siku Biddle ilipokutana na Livingstone huko Salisbury, North Carolina. Lakini Kusini mwa nchi havikuruhusiwa kucheza na vyuo vya Wazungu, na magazeti ya Wazungu hayakuvitilia maanani. Kwa hiyo Weusi walijitengenezea hesabu yao. Kuanzia mwaka 1920 gazeti lao la Pittsburgh Courier lilikuwa likitaja bingwa wa kitaifa wa vyuo vya Weusi. Kwa jamii ile jina hilo lilikuwa na uzito. Kwa wengine halikuwa na maana yoyote, kwa sababu walikuwa hawalisomi gazeti lenyewe.

Kisha mambo yakaanza kusogea kutoka pande mbili. Chama cha NAIA, kinachounganisha vyuo vidogo, kilivifungulia mlango vyuo vya Weusi mwaka 1953, kabla ya vyama vingine vya kitaifa, na mwaka 1956 kikaandaa fainali yake ya kwanza ya futiboli. Fainali hiyo ilichezwa Little Rock, Arkansas, kati ya Montana State na Saint Joseph's ya Indiana, ikaisha 0-0, na kombe likawa la wote wawili. Mwanzo wa namna hiyo haukuahidi mengi! Upande wa pili ni mashirika ya habari. Mwaka 1958 United Press International ilianza orodha ya vyuo vidogo, wapiga kura wakiwa makocha. Mwaka 1960 Associated Press ikafuata na orodha yake, wapiga kura wakiwa waandishi na watangazaji wa michezo kutoka mikoa mbalimbali. Hesabu ilikuwa nyepesi: anayewekwa wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 9, na kushuka hivyo hadi wa kumi. Pointi zinajumlishwa, na orodha inatumwa kwa magazeti ya nchi nzima.

Hakuna aliyesema wazi kwamba orodha hizo zitaweka Weusi na Wazungu katika safu moja. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Karatasi haikuwa na upande wa nyuma wa basi wala mlango wa pembeni. Jina la chuo likipata pointi, linachapwa mahali pake, juu ya nani na chini ya nani.

Mwaka 1961 Florida A&M ilicheza mechi kumi na kuzishinda zote. Ilifunga pointi zaidi ya 500, na zile ilizofungwa hazikufika 40. Hata hivyo orodha zote mbili zilimpa nafasi ya kwanza Pittsburg State ya Kansas, ambayo nayo haikushindwa. Mtu anaweza kuitetea Pittsburg State, ilikuwa ekipe nzuri. Lakini mpiga kura angepimaje wapinzani wa Florida A&M, ikiwa hajawahi kuwaona na ikiwa wapinzani hao hawakuruhusiwa kucheza na ekipe alizoziona yeye? Ubaguzi uliizuia ekipe kupata ushahidi, halafu orodha ikaidai ushahidi huo huo.

Kocha wake alikuwa Jake Gaither, aliyeiongoza kuanzia 1945 hadi 1969, akashinda mechi 203, akapoteza 36 na kutoka sare 4. Mmoja wa vijana wake alikuwa Bob Hayes, aliyekuja kushinda mbio za mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Gaither alibuni mpango wake wa kushambulia, akawa anaandaa mafunzo ya makocha pale Tallahassee. Makocha maarufu wa Kizungu walifika, kina Bear Bryant wa Alabama na Woody Hayes wa Ohio State. Walikaa naye, wakabadilishana ujuzi. Ekipe za makocha hao hazikucheza na ekipe yake. Hata Florida State, chuo kikuu cha Wazungu kilichoko katika mji ule ule wa Tallahassee, haikucheza nayo miaka yote ya Gaither.

Mwaka 1962 Florida A&M ilipoteza mechi moja tu, mbele ya Jackson State, na waandishi wa Associated Press wakaiweka ya kwanza. Makocha wa United Press International wakachagua Southern Mississippi.

Nini maana ya jina hilo la pili? Hattiesburg kulikuwa na kijana Mweusi aitwaye Clyde Kennard, mzaliwa wa pale, aliyekuwa askari wa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea. Aliporudi nyumbani alitaka kumalizia masomo katika chuo cha mji wake, chuo hicho hicho cha Southern Mississippi. Aliomba zaidi ya mara moja. Alipokwenda kujaribu tena mwaka 1959 alikamatwa siku hiyo hiyo. Mwaka 1960 akahukumiwa miaka saba gerezani, eti alishiriki wizi wa chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25. Chuo kilipotangazwa bingwa, Kennard alikuwa katika gereza la Parchman, mgonjwa wa saratani. Aliachiliwa mwanzoni mwa 1963 na kufariki tarehe 4 Julai mwaka huo. Mahakama iliifuta hukumu yake mwaka 2006. Wachezaji waliobeba taji la 1962 hawakumhukumu Kennard, hilo ni lazima lisemwe. Lakini chuo kilichomkataa kilipewa kura kama vile hakina deni lolote.

Vuli hiyo hiyo, katika jimbo lile lile la Mississippi, James Meredith aliingizwa chuo kikuu kwa ulinzi wa askari wa serikali ya taifa, baada ya usiku wa ghasia uliosababisha vifo vya watu wawili. Ndiyo sababu swali la nani angeshinda kati ya Tallahassee na Hattiesburg lilibaki kwenye karatasi.

Mwaka uliofuata swali la aina hiyo lilipata uwanja, ingawa mbali na Kusini. Tarehe 14 Desemba 1963, huko Sacramento, California, Prairie View, chuo cha Weusi cha Texas, ilicheza fainali ya NAIA na Saint John's, chuo cha Wakatoliki cha Minnesota. Saint John's ilishinda 33-27. Kocha wake, John Gagliardi, alikuja kumaliza kazi na ushindi 489, ambao hakuna kocha mwingine wa vyuo aliyeufikia. Prairie View ilirudi nyumbani bila kombe, lakini tofauti ilikuwa pointi sita na kila mtu aliiona. Dakika 60 za uwanjani zilieleza zaidi kuliko kura za msimu mzima.

Kusini kwenyewe ilibidi kungoja. Tarehe 29 Novemba 1969, katika msimu wake wa mwisho, Gaither alipata alichokuwa amekitaka kwa muda mrefu: mechi dhidi ya chuo cha Wazungu cha Florida hapo hapo, University of Tampa. Watu zaidi ya 45,000 walijaa uwanjani. Wengi walihofia vurugu, nazo hazikutokea. Florida A&M ilishinda 34-28.

Baada ya hapo orodha zenyewe zilianza kupungua nguvu. Mwaka 1973 chama kikubwa cha NCAA kiligawa vyuo katika madaraja matatu na kuanzisha mechi za mtoano kwa madaraja mawili ya chini. Louisiana Tech ikaifunga Western Kentucky 34-0 katika daraja la pili. Wittenberg ikaifunga Juniata 41-0 katika daraja la tatu, lile ambalo vyuo vyake havitoi pesa ya masomo kwa sababu ya michezo. Orodha hazikufa. Zipo mpaka leo, kila wiki ya msimu, na katika daraja la tatu wapiga kura wamezoea kwa miaka mingi kuandika Mount Union ya Ohio karibu na juu kabisa. Tofauti ni kwamba Desemba mwenye nafasi ya kwanza analazimika kuitetea kwa miguu yake. Mount Union na Wisconsin-Whitewater zilikutana fainali mara tisa kati ya 2005 na 2014. Miaka ya 1960 zingeishia kubishana magazetini.

Kwa vyuo vya Weusi mlango ulipofunguka uliruhusu pia watu kutoka. Vyuo vikuu vya Wazungu vya Kusini vilianza kuchukua wachezaji Weusi, na vijana ambao zamani wangekwenda Tallahassee au Prairie View sasa walialikwa kwenye viwanja vikubwa zaidi, kwenye televisheni. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini ekipe zilizokuwa na nguvu ya kupambana na yeyote zilipata ruhusa ya kupambana wakati nguvu hiyo imeanza kuwatoka.

Florida A&M iliwahi kabla ya hapo. Mwaka 1978 NCAA ilianzisha daraja jipya chini ya wakubwa, lenye mtoano wa ekipe nne tu. Gaither alikuwa amestaafu, kocha akiwa Rudy Hubbard. Fainali ilichezwa Wichita Falls, Texas, dhidi ya Massachusetts, na Florida A&M ikashinda 35-28. Safari hii hakukuwa na orodha ya pili yenye jina lingine, na hadi leo hakuna chuo kingine cha Weusi kilichoshinda fainali ya daraja hilo.