Mikono ya Shangazi: Tiba ya Mwili wa Mwanamke, Jinja hadi Mbale

Kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, ngoma za imbalu huanzia Mutoto, karibu na mji wa Mbale, na Uganda nzima hujua kwamba vijana wa Kigisu wanatahiriwa. Mambo ya wanawake hayana ngoma ya namna hiyo. Mwanaanthropolojia Jean La Fontaine, aliyefanya utafiti Bugisu miaka ya 1950, ndiye aliyeandika mwaka 1972 makala iliyoweka hedhi ya kwanza, ndoa na uzazi sambamba na tohara ya wanaume. Haishangazi kwamba mwandishi huyo ni mwanamke. Mwanamume mwenye daftari hakaribishwi chumbani kwa mzazi.

Tiba ilikuwa humo chumbani. Upande wa Jinja, Wasoga, kama jirani zao Waganda, walimwachia shangazi kazi ya kumfunda bi harusi: usafi, dawa, maumivu ya tendo la ndoa, na namna ya yeye mwenyewe kuridhika. Mjamzito alipewa emmumbwa, vijiti vya udongo uliochanganywa na mitishamba, ambavyo hadi leo vinauzwa sokoni. Alikalishwa katika maji ya majani ili nyonga ilegee, na akishajifungua tumbo lake lilikandwa. Msomaji wa Pwani atawatambua hapa somo na mkunga wake.

Kisha ukaja mkono wa serikali. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba kaswende imeenea mno Uganda. Wataalamu wa baadaye wameona kwamba mengi aliyoyaita kaswende ya zinaa yalikuwa magonjwa ya ngozi jamii ya buba, lakini madhara yalikwisha kutokea: watu walipimwa kwa lazima, na wanawake walikaguliwa sehemu za siri kwa amri ya machifu. Hospitali ya Mulago, jijini Kampala, yenyewe ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa ya zinaa. Kuanzia 1919 wamisionari wa tiba Albert na Katharine Cook walifundisha wakunga huko Namirembe. Wakunga hao waliokoa maisha, hilo halina ubishi. Ila walifundishwa pia kuidharau elimu ya shangazi, mbaya na nzuri kwa pamoja, na hasara hiyo haijafidiwa.

Bwawa la umeme la Owen Falls, hapo Jinja, lilipofunguliwa mwaka 1954, mji huo ulikuwa wa wahamiaji. Msichana aliyeolewa katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba alimwacha shangazi kijijini, na ushauri wa undugu ukaanza kununuliwa. Redio binafsi ziliporuhusiwa miaka ya 1990, ssenga, kama Waganda wanavyomwita shangazi huyo, akapata kipindi hewani na safu gazetini. Ada ilipoingia, wajibu wa damu ukapungua.

Si kila cha jadi ni tiba. Kaskazini mashariki ya Mbale, kwa Wasabiny wa Kapchorwa, wasichana walikeketwa; chama cha wazee wao kilichopinga mila hiyo kilipata Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998, na sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ikaanza kutumika 2010. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuweka katika fungu hilohilo desturi ya Kiganda ya kuvuta mashavu ya uke. Mwanasheria Sylvia Tamale wa Chuo Kikuu cha Makerere alilipinga hilo mwaka 2005, akisema wanawake wenyewe huiona desturi hiyo kuwa chanzo cha raha yao. Ni kweli kwamba kuvuta si sawa na wembe. Lakini desturi inayoanza kwa mtoto asiyeweza kukataa haiwezi kuitwa tiba, hata ikitetewa na bibi yake.

Hospitali nazo zimerudi kwenye mkono. Utafiti umeonyesha kwamba kukanda msamba kuanzia wiki ya 35 hivi humpunguzia mjamzito wa mara ya kwanza uwezekano wa kushonwa baada ya kujifungua, na mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia wanaovujwa na mkojo. Kwa wenye fistula, yaani tundu la uzazi linalovujisha mkojo, Soroti ina hospitali ya Terrewode tangu 2019.

Dada unayetafuta huduma ya kukandwa, mkandaji asiyenawa mikono, asiyekuuliza ridhaa, au anayekataa uje na mwenzako, mkimbie. Na maumivu yasiyoisha, damu isiyo ya hedhi au mkojo unaovuja, vipeleke kwanza hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale.