North Dallas Forty

North Dallas Forty ni filamu ya Marekani ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Ted Kotcheff, Nick Nolte akiwa mhusika mkuu. Inahusu futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na imetokana na riwaya ya mwaka 1973 ya Peter Gent, aliyechezea Dallas Cowboys katika miaka ya 1960. Timu ya kwenye filamu, North Dallas Bulls, ni ya kubuni.

Hadithi inaanzia kitandani, asubuhi baada ya mechi. Phil Elliott, mdakaji mkongwe, anaamka damu imemtoka puani, anajikokota hadi bafuni, anameza vidonge, kisha anajilaza majini kwenye beseni. Dakika hizo chache zinaeleza kazi ya mchezaji wa kulipwa kuliko mechi yenyewe. Kuanzia hapo mtazamaji anajua kila mpira anaoudaka umemgharimu nini.

Sindano ndiyo kiini cha filamu. Delma Huddle, mwenye mbio kuliko wenzake, anaumia msuli wa nyuma ya paja, naye anabanwa hadi akubali kudungwa ili acheze dhidi ya Chicago. Ganzi huficha maumivu tu, haiponyi, na uwanjani Huddle anaumizwa vibaya. Kocha Strother hana haja ya kupiga kelele: anasoma takwimu za kompyuta, na kwake mchezaji ni kipuri. Timu inaposhindwa, mchezaji mwingine, O. W. Shaddock, anamlipukia kocha msaidizi chumbani mwa kubadilishia nguo: wachezaji wakiuita mchezo, wakubwa huuita biashara, wakiuita biashara, huambiwa ni mchezo. Aliyeigiza nafasi hiyo kwa uchungu mkubwa, John Matuszak, alikuwa mchezaji halisi wa Oakland Raiders. Alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 38, baada ya kuzidisha bila kukusudia dawa ya kutuliza maumivu.

Pigo zito kuliko yote, hata hivyo, linatolewa ofisini. Elliott anaitwa mbele ya wenye timu na kusomewa ripoti ya mpelelezi aliyekuwa akimfuatilia: amevuta bangi. Aliyevuta naye ni Seth Maxwell, nyota anayerusha mipira ya timu, lakini mpelelezi anadai hakumtambua mtu huyo. Elliott anasimamishwa bila malipo, naye anaamua kuacha kabisa. Maxwell bado anahitajika.