Nani Amezikagua? Chama cha Wahasibu na Kazi ya Kusema Hapana



Naomba nianze na kisa kidogo. Huku Uingereza ninakoishi tuna chama chetu cha kuzikana, kama walivyo nacho wengi wenu huko mliko. Kwenye mkutano wa mwaka mweka hazina alitusomea hesabu: mapato, matumizi, baki. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa makamo, mtu wa Tanga, akanyoosha mkono akauliza: "Mwanangu, umesoma vizuri, lakini hesabu hizi nani amezikagua?" Ukumbi kimya. Mweka hazina akajibu kwamba sisi ni ndugu, tunaaminiana. Mama akasema: "Kuaminiana tunaaminiana, na mie nataka tuendelee hivyo hivyo, ndiyo maana nauliza." Tulipozikagua hakukuwa na wizi, ila risiti za safari moja ya maiti hazikuonekana. Mpaka leo wapo watu wawili mle chamani hawasalimiani.

Swali lile limenikaa kichwani. Watoto wetu wengi huku wanasomea uhasibu, na kila nikiwauliza chama cha wahasibu kina kazi gani hasa, wananijibu kwamba kinatunga mitihani, kinachukua ada, na kinakupa herufi za kuandika baada ya jina lako. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mie si mhasibu, ni mtu wa historia, na historia inanionyesha kwamba vyama hivi havikuzaliwa kwa ajili ya kumlinda mwananchi. Vilizaliwa kulinda riziki ya wanachama wake. Ulinzi wa mwananchi ulikuja baadaye, tena kwa kusukumwa na maafa. Ukilielewa hilo utajua chama cha wahasibu kipimwe kwa kipimo gani, uwe London au Dar es Salaam.

Tuanze Edinburgh. Mwaka 1853 mhasibu mmoja wa mji ule, Alexander Weir Robertson, aliwaandikia wenzake barua akiwaita wakutane. Wakati ule sehemu kubwa ya kazi ya wahasibu wa Scotland ilikuwa kusimamia mali za watu waliofilisika, na wafanyabiashara wa London walikuwa wanashinikiza sheria ya Scotland ya kufilisika ibadilishwe. Ingebadilishwa walivyotaka wao, wahasibu wangepokonywa tonge mdomoni. Wakaona mmoja mmoja hawasikilizwi, basi wakaungana. Tarehe 23 Oktoba 1854 wakapata Hati ya Kifalme kutoka kwa Malkia Victoria. Glasgow wakapata yao 1855, Aberdeen 1867, na vyama hivyo vitatu vikaja kuungana 1951.

Hati ile ndiyo asili ya neno hili tunalolisikia kila siku, mhasibu wa hati. Maana yake ni kwamba dola imekitambua chama, nacho kimepata haki ya kuamua nani aingie, apitie mafunzo gani, afanye mtihani gani, na akikosa adabu atolewe. Si haki ndogo hiyo. Ni mlango, na mwenye mlango ana uwezo wa kuwafungulia wanaostahili, na vile vile kuwafungia wasiopendwa.

Maafa ya kwanza makubwa yalitokea Scotland kwenyewe. Oktoba 1878 Benki ya Jiji la Glasgow ilianguka. Kwa miaka wakurugenzi wake walikuwa wanaandika mizania ya uongo: mikopo iliyokufa inaonyeshwa kama mali, madeni yanafichwa. Sheria ya benki ile ilikuwa kwamba mwenye hisa anadaiwa bila kikomo, yaani deni la benki linamfuata mpaka kwenye nyumba yake. Wanahisa walikuwa zaidi ya 1,800, na wengi wao walifilisika kabisa. Wakurugenzi walifungwa 1879, na mwaka huo huo Bunge la Uingereza likatunga sheria iliyozilazimisha benki zitakazoandikishwa kwa dhima yenye kikomo zikaguliwe hesabu kila mwaka. Ghafla mkaguzi akawa mtu anayehitajiwa na sheria.

Tarehe 11 Mei 1880 vyama vitano vya Uingereza, vya London, Liverpool, Manchester na Sheffield, viliungana na kupata Hati yao. Sasa tazameni ule mlango nilioutaja. Ili uingie ilikubidi uwe mwanagenzi kwa mhasibu kwa miaka mitano, na kwa kawaida mzazi alimlipa bwana yule ili amchukue mtoto wake. Mtoto wa maskini angepita wapi? Mwaka 1891 mwanamke aitwaye Mary Harris Smith, aliyekuwa na ofisi yake mwenyewe ya uhasibu London, aliomba uanachama akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Alikubaliwa 1920, baada ya sheria ya 1919 kuwafungulia wanawake kazi za taaluma. Alikuwa amevuka miaka 70. Chama kilekile kilichosema kinalinda ubora kilikuwa kinamzuia mtu ambaye ubora wake ulijulikana mji mzima.

Na waliokwisha kuingia walitakiwa wafanye nini hasa? Mwaka 1896 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston. Meneja alikuwa anaongeza thamani ya pamba iliyoko ghalani mwaka hadi mwaka, na wakaguzi wakaikubali hati yake bila kwenda kuhakikisha. Mahakama ikasema hawana hatia, na jaji mmoja akatoa mfano ambao wahasibu wanaujua mpaka leo: mkaguzi ni mbwa wa kulinda nyumba, si mbwa wa kuwinda. Mwajiriwa anayeaminika, anaruhusiwa kumwamini. Mnaona? Ni jibu la mweka hazina wetu hasa, ila limevaa joho la mahakama.

Kesi nyingine inatugusa sisi watu wa pwani kidogo. Wazee wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam walizijua meli za Union-Castle. Kampuni ile ilikuwa chini ya kundi la Royal Mail, na mwenyekiti wake, Lord Kylsant, alishtakiwa London mwaka 1931 pamoja na mkaguzi wa hesabu, Harold Morland. Kampuni ilikuwa inapata hasara, lakini ikionyesha faida kwa kuchota akiba za siri zilizowekwa tangu wakati wa Vita ya Kwanza. Kylsant alifungwa kwa waraka wa uongo wa kuuza hati za mkopo wa mwaka 1928. Morland aliachiwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba alichofanya ndiyo desturi ya fani, na wahasibu wakubwa wakaja mahakamani kuthibitisha hivyo.

Kwangu mie hapo ndipo penye fundisho. Desturi ya fani ikiwa mbovu, mtu mmoja mmoja hatiwi hatiani, kwa sababu wote ndivyo wafanyavyo. Wa kuibadilisha desturi ni chama. Mwaka 1942 chama cha London kikaanza kutoa mapendekezo ya namna hesabu zinavyopaswa kuandikwa, na sheria ya makampuni ya 1948 ikakaza uzi: makampuni yaonyeshe mengi zaidi, na ukaguzi ufanywe na wanachama wa vyama vinavyotambuliwa.

Na mkaguzi akitimiza wajibu wake matunda yake yanaonekana, hata kwetu. Baada ya Vita ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Ulianza 1947 kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni 3. Trekta zikafa, mvua ikagoma, ardhi ikawa ngumu kama saruji. Hesabu za shirika lililosimamia mradi zilipotoka 1949, wakaguzi waliandika waziwazi kwamba vitabu vya hesabu havikuwekwa ipasavyo. Kwa lugha yetu ya leo, walitoa hati chafu. Bunge la London likawaka moto, na Januari 1951 mradi ukafutwa, zikiwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Sentensi ya mkaguzi ilifanya kazi yake. Ila tujiulize: alikuwa anamwambia nani? Alimwambia mlipa kodi wa Uingereza. Mgogo wa Kongwa, ambaye ardhi yake ndiyo iliyokwanguliwa, hakusomewa hesabu ile.

Hali ilikuwa hivyo mpaka uhuru. Ukaguzi Afrika Mashariki ulishikwa na Waingereza wenye vyeti vya kwao, Wahindi wengi wakawa waweka vitabu hodari, na Mwafrika akawa karani. Waafrika wenye sifa kamili walikuwa wa kuhesabika. Ndipo likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Benki zikataifishwa, na makampuni makubwa kadhaa yakawa mali ya umma kwa wiki chache. Sasa nani atakagua? Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi la Tanzania kwa ajili ya mashirika ya umma. Mwaka 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria Na. 33 iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile tunayoiita NBAA. Ilianza kazi Januari 1973. Kenya nao walitunga sheria yao 1977, na taasisi yao, ICPAK, ikaanza 1978.

Hebu mlinganishe na Edinburgh. Kule wahasibu walijikusanya wenyewe wakaenda kuiomba dola iwatambue. Kwetu dola ndiyo iliyokwenda kuwatafuta wahasibu. Kwa upande wa mlango, nasema bila kuficha, njia yetu ilikuwa bora. Mtoto wa mkulima wa Rungwe au mvuvi wa Kilwa aliweza kufanya mtihani wa Bodi akawa CPA bila baba yake kumlipa bwana yeyote. Katika kizazi kimoja nchi iliyokuwa inaagiza wahasibu kutoka nje ikapata wake. Wanaoibeza NBAA walikumbuke hilo.

Lakini kwa upande wa kusema hapana, mambo yalikuwa magumu zaidi. Aliyekaguliwa, mkaguzi, na aliyeiunda bodi inayomsimamia mkaguzi, wote walikuwa watoto wa baba mmoja, yaani serikali. Mashirika mengi yalichelewesha hesabu zake kwa miaka, na hesabu iliyochelewa miaka mitano hata ikipewa hati chafu inamsaidia nani? Meneja keshahamishiwa shirika jingine. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarudishwa 1982, na mwaka huo ndipo likaundwa shirika maalumu la kukagua ushirika, COASCO. Wakulima wa kahawa na pamba walikuwa wanauliza swali la yule mama wa Tanga kwa muda mrefu sana.

Baadaye ushahidi ulipatikana kwamba mkaguzi akisimama imara nchi inasikia. Januari 2008 ilitangazwa taarifa ya ukaguzi maalumu wa akaunti ya EPA ya Benki Kuu: zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali katika mwaka wa fedha 2005/06. Gavana akaondolewa na watu wakafikishwa mahakamani. Na upande wa pili tuliuona Aprili 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa wakati ule kwa sababu alisema kutofanyia kazi ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Novemba mwaka huo akateuliwa mwingine. Mkaguzi anayesema hapana anahitaji watu nyuma yake, na watu wa kwanza kupaswa kuwa pale ni wenzake wa taaluma.

Msidhani wenzetu huku wamekwisha kulimaliza tatizo. Enron ilianguka Marekani Desemba 2001 na ikaizamisha kampuni yake ya ukaguzi, Arthur Andersen. Mwaka 2002 Wamarekani wakatunga sheria iliyouondoa mikononi mwa chama cha wahasibu usimamizi wa wakaguzi wa makampuni ya soko la hisa. Uingereza nako, Carillion ilipofilisika Januari 2018, aliyewashughulikia wakaguzi ni chombo kilicho nje ya vyama vyao, na KPMG ikatozwa faini ya pauni milioni 21 mwaka 2023. Chama kikishindwa kuwaadhibu wanachama wake, mwisho wake hupokonywa rungu.

Kwa hiyo nikiulizwa chama cha wahasibu ni cha nini, najibu: mitihani ni muhimu, ada ni lazima, herufi zinapendeza. Lakini mie nakipima kwa mambo mawili. Mwanachama wake akikataa kutia saini hesabu ya uongo na akafukuzwa kazi, chama kinafanya nini? Na mwanachama wake akiitia saini, chama kinafanya nini? Majibu ya maswali haya mawili hayapatikani kwenye kitabu cha mtihani. Wahasibu mliomo humu ndani mnayajua kuliko mie, na ningependa sana kuyasikia kutoka kwenu, mlioko Muscat, Nairobi na kwingineko.

Chama chetu cha kuzikana sasa kina mkaguzi. Ni binti aliyemaliza mitihani yake juzi juzi tu, na mkutano uliopita alisimama akasema hesabu za robo mwaka hajaridhika nazo. Watu waliguna. Mama wa Tanga ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Naomba kuwasilisha.