Sinema na Akili ya Mtazamaji katika Viunga vya Dar es Salaam

Yapo maoni ya zamani kwamba mtu wa kawaida hutaka picha nyepesi, na kwamba picha yenye fikra ni mali ya wasomi. Historia ya sinema katika Dar es Salaam, na hasa katika viunga vya Kinondoni na Temeke, hailingani na maoni hayo. Na kwa kuwa yangali yakitumika kuamua watu waonyeshwe nini, yafaa tuyapime.

Asili yake ni ya kikoloni. Baina ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza picha 35, nyingi zikiwa za kufundisha kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Tangu 1939 William Sellers, aliyesimamia idara ya Uingereza ya picha za makoloni, alishika kanuni kwamba picha ya Mwafrika iende polepole, wala isiwe na hila za kamera. Mtazamaji alihesabiwa mtoto kabla hajaulizwa neno.

Jibu la watazamaji lilionekana katika majumba ya sinema ya mjini. Katika miaka ya 1950 walifurika kutazama Awaara, picha ya Raj Kapoor iliyotoka Bara Hindi mwaka 1951. Wengi hawakujua Kihindi. Lakini walilifahamu swali lake: je, mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi? Hakimu Raghunath anasadiki kuwa ndivyo, na itikadi yake inamwangamiza mwanawe mwenyewe. Katika nchi iliyotawaliwa kwa kuwapanga watu kwa asili zao, swali hilo halikuwa la Bombay peke yake. Picha ilikuwa na nyimbo, mapenzi na machozi, na juu ya hayo ilikuwa na hoja. Uzito wake haukuwafukuza watu.

Miaka ya 1990 ikaja na vibanda vya video, vikaenea Tandale, Tandika na Mbagala. Picha nyingi zilikuwa za mapigano, kutoka Hong Kong na Marekani. Hata hivyo wakatokea wasimulizi, mashuhuri miongoni mwao Derek Mukandala aliyeitwa Lufufu, ambao hawakutafsiri maneno tu, bali walieleza, walitania na walikosoa. Kama ngumi zingalitosha, msimulizi angalihitajiwa kwa nini? Watu walitaka maana pia.

Kisha zikaja picha za Kiswahili zilizouzwa kwa kanda na santuri. Tusizidharau: ziliwapa watu lugha yao na nyuso zao, na umati uliomzika Steven Kanumba katika makaburi ya Kinondoni mwezi wa Aprili 2012 ulikuwa wa enzi ya mapenzi makubwa kwa sanaa ya nyumbani. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa haraka, na kisa kimoja kikakatwa sehemu mbili ili kiuzwe mara mbili. Kosa halikuwa kicheko wala mapenzi, maana mchovu ana haki ya kucheka. Kosa lilikuwa kumdhania mnunuzi kuwa hatambui.

Amil Shivji ameonyesha njia nyingine kwa T-Junction ya 2017, na kwa Vuta N'kuvute ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Hii ya pili, yenye mapenzi ya Yasmin na Denge ndani ya harakati za Zanzibar ya miaka ya 1950, inashika moyo na kuiachia akili kazi. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka ule ule wa 2021.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya picha methali hii haitoshi, kwa kuwa kizuri kisichofikishwa Tandika hakiwezi kujiuza Tandika. Tukipeleka huko picha za kusumbua fikra, tutakuwa tumewarudishia watazamaji heshima ambayo Sellers aliwanyima, na ambayo wazee wao walikwisha kuistahili mbele ya Awaara.