Shilingi ya Waziri, Kiti cha Mbunge

Bunge la Bajeti linapokaa Dodoma, kati ya Aprili na Juni, kila wizara hufika kwenye saa ya Kamati ya Matumizi. Hotuba zimeshasomwa, wachangiaji wameshalalamikia barabara, maji na zahanati, na wengi wao wamemalizia kwa maneno yaleyale: naunga mkono hoja. Sasa vifungu vinaitwa kimoja kimoja, na kile chenye mshahara wa Waziri kinapofika, mbunge husimama na kusema kwamba asipopata maelezo ya kutosha atashika shilingi. Waziri anajibu. Mbunge haridhiki, anatoa hoja shilingi moja iondolewe kwenye mshahara huo, na wenzake wanainuka kumsaidia. Waziri anaahidi tena, safari hii kwa sauti ya upole zaidi. Mbunge anarudisha shilingi. Muda ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, na fungu la wizara linapita kama lilivyoletwa.

Asiyeijua historia ya utaratibu huu ataona ni mchezo, maana shilingi moja leo hainunui hata pipi. Lakini jambo hili lina ukoo mrefu. Katika Bunge la Uingereza kiasi cha kupunguza kilikuwa pauni 100. Juni 1895 mbunge mmoja wa upinzani alitaka mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, upunguzwe kwa kiasi hicho, akidai jeshi halina akiba ya kutosha ya risasi. Kura zilipohesabiwa hoja ilikuwa imeshinda, 132 kwa 125. Waziri akajiuzulu, na serikali nzima ya Lord Rosebery ikamfuata. India nao wameurithi utaratibu huohuo, ila wana namna moja ambayo naipenda zaidi: mbunge anayepinga sera yenyewe ya wizara huomba fungu lote lipunguzwe mpaka ibaki rupia 1. Sisi tunaondoa moja, wao wanaacha moja.

Kwa nini basi pauni 100 ziliangusha serikali, na shilingi ya Dodoma hurudi mfukoni kabla ya saa ya chakula? Jibu la mitaani ni kwamba wabunge wetu ni waoga. Jibu la wanasheria ni kwamba Bunge limepewa meno ya plastiki. Hili la pili si kweli. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali, na inaliruhusu kumwuliza Waziri yeyote swali lolote. Ibara ya 53A inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Kuna maswali ya msingi na ya nyongeza, kuna Alhamisi ya Waziri Mkuu, kuna Kamati Teule, kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) na Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) ya kuichambua. Zana zipo. Ninachokiangalia mimi ni mkono unaozishika, na hasa kile ambacho mwenye mkono huo anaweza kupoteza.

Tuanze na siku ambazo zana zilifanya kazi. Februari 2008, Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakaondoka naye, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Aprili 2012, baada ya ripoti ya CAG, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini zaidi ya 70 za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, zikiwemo za wabunge wachache wa CCM. Kura yenyewe haikupigwa. Lakini wiki chache baadaye Rais Kikwete alipanga upya baraza lake, na mawaziri sita hawakurudi. Desemba 2013 ripoti ya kamati kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili, iligharimu mawaziri wanne kwa siku moja. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kashfa ya akaunti ya Escrow.

Katika matukio yote hayo hakuna hata moja ambamo Waziri aliondolewa kwa kura. Kilichowatoa ni karatasi: ripoti yenye tarehe, viwango vya fedha na majina, iliyosomwa hadharani na kuingia kwenye Hansadi. Shilingi haikuhusika. Na ripoti hizo ziliandikwa au kuungwa mkono na wabunge wa chama kilekile kilichokuwa madarakani. Mwakyembe alikuwa CCM, Spika Samuel Sitta alikuwa CCM, na mwenyekiti wa kamati iliyochunguza Tokomeza, James Lembeli, vilevile.

Kilichowapata baadaye kinaeleza mengi. Novemba 2010 Sitta alitaka kurudi kwenye kiti cha Spika. Chama kikaamua kwamba awamu hiyo ni ya wanawake. Mwezi huohuo yeye akateuliwa Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na Mwakyembe akawa Naibu Waziri wa Ujenzi. Sidai kwamba walinunuliwa. Nasema tu kwamba Katiba inayotaka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge inamweka kila muulizaji hodari kwenye foleni ya kuwa mjibu maswali. Na anayeingia barazani anafungwa na uwajibikaji wa pamoja, kwa hiyo ulimi uliokuwa ukiwasumbua mawaziri unafungwa kwa heshima kabisa, na gari la serikali juu.

Hiyo ni asali. Fimbo iko Ibara ya 71: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, anapoteza kiti. Si fimbo ya jana. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, Joseph Kasella-Bantu akiwa mmoja wao, na kufukuzwa chama kukawa ndiyo kufukuzwa Bunge. Ajabu ni kwamba fimbo hiyo huchagua mgongo. Wanawake 19 wa viti maalum waliovuliwa uanachama na Chadema mwaka 2020 waliendelea kukaa bungeni, mashauri yakienda taratibu.

Sasa linganisha na London. Septemba 2019, wabunge 21 wa chama cha Conservative walipiga kura dhidi ya serikali ya Boris Johnson kuhusu Brexit. Walinyang'anywa nafasi zao katika kundi la chama bungeni, akiwemo mkongwe Kenneth Clarke. Lakini viti vyao vilibaki vyao. Waliendelea kuuliza maswali, kukaa kwenye kamati na kupiga kura hadi uchaguzi ulipoitishwa. Mnadhimu wa chama anaweza kumnyima mbunge cheo, anaweza kumharibia tiketi ya uchaguzi ujao, lakini hawezi kumtoa ukumbini kesho asubuhi. Zaidi ya hapo, tangu 2010 wenyeviti wa kamati nyingi huchaguliwa na Bunge zima badala ya kupangwa na wakubwa wa vyama. Kwa mbunge aliyekata tamaa ya uwaziri, uenyekiti wa kamati umekuwa kazi ya maana yenyewe.

Mfano unaonivutia kuliko huo wa Uingereza uko karibu zaidi, na husahaulika. Ni Kampala ya miaka ya 1990. Bunge la Sita la Uganda, la 1996 hadi 2001, lilichaguliwa chini ya mfumo wa Movement, ambapo wagombea walisimama kila mtu kwa sifa zake bila bendera ya chama. Mfumo huo ulikuwa na kasoro kubwa, na waliotaka vyama vingi walikuwa na haki ya kuulalamikia. Lakini kwa mbunge mmoja mmoja ulikuwa na matokeo ambayo pengine waasisi wake hawakuyapigia hesabu: hapakuwa na chama cha kumvua uanachama. Katiba ya 1995 ilikuwa imempa silaha mpya, kura ya kumlaani Waziri, nayo ilitumika. Mwaka 1998 walimlaani Jim Muhwezi. Mwaka 1999 wakamlaani Sam Kutesa kwa mgongano wa maslahi uliohusu kampuni ya kuhudumia ndege Entebbe. Wote wawili walikuwa mawaziri wadogo, wote wawili walikuwa watu wa karibu na Rais Museveni, na wote wawili walipoteza nyadhifa. Mbunge Winnie Byanyima, aliyekuwa mstari wa mbele katika hoja hizo, alitoka ndani ya Movement ileile.

Kisha? Muhwezi alirudi barazani mwaka 2001 kama Waziri wa Afya. Kutesa akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 2014 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Vyama vilirudi bungeni mwaka 2006, vikaja na wanadhimu wao. Kura ya kulaani haikufutwa. Januari 2023 ilitumika kwa kishindo dhidi ya waziri mdogo Persis Namuganza, na kosa aliloshtakiwa ni kulivunjia heshima Bunge lenyewe. Nani angethubutu kusema silaha imepata kutu? Imegeuziwa shabaha tu.

Mtu wa Kinshasa atanipinga hapa, na ana haki. Kongo imechukua mkondo wa Wafaransa na Wabelgiji. Waziri hakai bungeni kama mbunge. Mbunge anayeteuliwa waziri humwachia kiti mbadala wake mpaka atakapotoka serikalini. Mbunge humwita Waziri kuhojiwa rasmi, na mahojiano hayo yanaweza kuzaa hoja ya kumwondoa. Saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge zinatosha kumlenga Waziri mmoja, robo inatosha kuilenga serikali yote. Kongo pia ina kanuni ya kumvua kiti mbunge anayehama chama. Januari 2021, wakati Rais Tshisekedi akiupasua muungano wake na kambi ya mtangulizi wake, Kabila, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wabunge wako huru kujiunga na kundi jipya bila kupoteza viti. Haikupita hata wiki mbili: tarehe 27 Januari, wabunge 367 waliiangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba.

Hofu ya kiti ilipoondoka, serikali ilianguka. Hilo linakubaliana nami. Lakini ukitafuta katika anguko lile hesabu ya mradi gani ulioibiwa na Waziri gani aliyeshindwa kujibu, utakuta kidogo sana. Wabunge waliwekwa huru dhidi ya bosi mmoja wakakimbilia kwa mwingine. Kwa hiyo usalama wa kiti peke yake hautoshi. Lazima kuwe na ile karatasi: ripoti iliyotangulia kura, ambayo mpigaji wa kura hawezi kujifanya hakuisoma.

Nairobi wana yote mawili kwenye maandishi, na ndiyo maana kesi yao inauma zaidi. Mwaka 1975 Bunge la Kenya lilionyesha ujasiri ambao haujapata mfano mwingi: lilipokea ripoti ya Kamati Teule ya Elijah Mwangale kuhusu mauaji ya mbunge J. M. Kariuki, serikali ikiwa haitaki. Masinde Muliro, aliyekuwa Waziri, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu waliiunga mkono, wakafukuzwa kazi. Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa na polisi katika majengo ya Bunge. Katiba ya 2010 ilitaka kuukata mnyororo uliomfunga Muliro: Waziri asiwe mbunge tena, aje mbele ya kamati akiitwa, na wabunge waweze kumlazimisha Rais amfukuze.

Njia hiyo ilijaribiwa mwaka 2024. Wakulima walikuwa wameuziwa mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku ya serikali, nyingine kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, alileta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Tarehe 2 Mei wabunge 149 waliiunga mkono, idadi iliyozidi theluthi inayotakiwa. Hapo Katiba inasema kamati ya watu 11 ichunguze ndani ya siku kumi. Kamati ilichunguza, ikapiga kura 7 kwa 4 kwamba madai hayakuthibitishwa, na kwa mujibu wa Katiba suala likafia hapo. Wabunge 149 walikuwa wamesema moja, watu saba wakasema lingine, na Bunge zima halikupata nafasi ya kupigia kura ushahidi wenyewe. Ukiuliza ni wapi chama kinaweza kumbana mtu kwa urahisi, ni kwenye chumba cha watu 11, wala si kwenye ukumbi wa watu 349.

Miezi miwili baadaye Linturi hakuwa Waziri tena. Vijana walikuwa wameandamana kupinga Muswada wa Fedha, na tarehe 11 Julai Rais Ruto akalivunja karibu baraza lake lote kwa tangazo moja. Mkulima aliyetia mbolea ile shambani alipata kuona Waziri akiondoka. Lakini tangazo halikuwa na neno juu ya mbolea, na hakuna kura ya Bunge iliyosema nani aliidhinisha magunia yale yaingie kwenye ruzuku.