Udongo Unaokula Uvundo

Uvundo wa majitaka huzaliwa palipokosa hewa. Oksijeni ikiisha ndani ya bomba au tangi, bakteria hutumia salfeti iliyomo majini badala yake, na matokeo yake ni haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza. Pua huinasa hata ikiwa chembe tu hewani. Ikizidi sana hulemaza uwezo wa kunusa, na ndiyo maana fundi anayeshuka shimoni hatakiwi kamwe kuitegemea pua yake.

Dawa ya uvundo huo ilitumika kabla ya kueleweka. Mwaka 1860, mchungaji Henry Moule wa Fordington, kusini mwa Uingereza, alipata hataza ya choo cha udongo. Kinyesi kilifukiwa kwa udongo mkavu uliochekechwa. Baada ya wiki chache harufu ilitoweka, na udongo uleule ukakaushwa na kutumika tena. Mwaka 1887 Sergei Winogradsky, akichunguza bakteria aina ya Beggiatoa, alionyesha kwamba wapo viumbe wanaojipatia nishati kwa kuiunganisha haidrojeni salfaidi na oksijeni. Kinachomnukia binadamu vibaya, kwao ni chakula.

Hata hivyo wahandisi walichelewa kuutumia ujuzi huo. Mjerumani H. Bach aliandika mwaka 1923 kuhusu kusafisha kwa njia ya kibayolojia hewa inayotoka kwenye mitambo ya majitaka. Miongo mitatu baadaye, Richard Pomeroy wa California alipata hataza yake mwaka 1957: hewa chafu isukumwe kwenye mabomba yenye matundu yaliyofukiwa ardhini, ipande polepole kupitia udongo wenye unyevu. Bado lilikuwepo swali kama udongo hunyonya gesi tu hadi ushibe. Mwaka 1966 Carlson na Leiser walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na vijiumbe walio hai.

Kwa upande wa mboji, ambayo nayo husafisha hewa vivyo hivyo, hatua kubwa ilipigwa Beltsville, Maryland, miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani. Tope la majitaka lilichanganywa na vipande vya mbao, likarundikwa juu ya bomba lenye matundu na kufunikwa kwa mboji iliyokwisha kuiva. Feni ilivuta hewa kutoka juu kwenda chini, kisha ikaipuliza ndani ya lundo dogo la mboji iliyochekechwa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mboji ya jana ndiyo iliyosafisha harufu ya tope la leo, bila kemikali ya kununua.

Vichujio hai vilivyofuata, yaani vitanda vya kusafishia hewa kwa bakteria, hasa Ujerumani na Uholanzi, vilijengwa kwa mboji, magome ya miti au vipande vya mbao, kwa kina cha takriban mita 1. Adui wao mkubwa ni ukavu: kitanda kikikauka hupasuka, na hewa chafu hupenya kwenye nyufa bila kuguswa na bakteria. Pia haidrojeni salfaidi ikishaliwa huacha tindikali ya salfa, ambayo huozesha kitanda polepole hadi kibadilishwe. Kwa sababu hiyo, penye gesi nyingi hutumika minara iliyojazwa plastiki au mawe ya volkeno; maji hutiririka humo mfululizo na kuondoa tindikali, huku bakteria wanaoipenda wakiendelea na kazi.