Mgambo: Jeshi la akiba lililotokana na raia

MGAMBO ni jeshi la akiba la Tanzania linaloundwa na raia waliopewa mafunzo ya kijeshi bila kuacha shughuli zao za kila siku. Jina hilo limetokana na mwito wa kuwakusanya watu; ndiyo maana wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Uingereza ilikuwa na jeshi la namna hiyo tangu zamani. Sheria ya mwaka 1757 iliitaka kila kaunti kutoa idadi maalumu ya wanaume, waliochaguliwa kwa kura.

Chimbuko la mgambo wa Tanzania ni tofauti. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kwa wakoloni, waliasi Dar es Salaam wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi hayo yalizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba mwaka huo ikaundwa JWTZ.

Mwaka 1971, baada ya Wareno kuishambulia Guinea na Idi Amin kuipindua Serikali ya Uganda, Mwongozo wa TANU ulielekeza kuwa ulinzi wa nchi ni jukumu la umma. Mafunzo ya mgambo yakaenea mijini na vijijini.

Jaribio kubwa lilikuja mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin alipovamia Kagera. Maelfu ya mgambo waliacha majembe na kujiunga na JWTZ vitani. Machi 24 hadi 26, 1979, wakati mapigano yakiendelea, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi kupanga serikali ya baada ya Amin. Kampala ilitekwa Aprili 11.

Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo walio kazini mamlaka ya kukamata sawa na ya konstebo wa polisi. Kwa mamlaka hayo, wakazi wa mijini, wakiwamo wa kata kama Njoro mjini Moshi, humfahamu mgambo zaidi kama mlinzi na msimamizi wa sheria ndogo kuliko kama askari wa akiba.

Hapo ndipo penye utata: jeshi lililoanzishwa ili wananchi wajilinde limelalamikiwa mara nyingi na wafanyabiashara ndogondogo wanaoondolewa barabarani. Heshima lililoipata Kagera hupimwa sasa sokoni.